Kupima bila Kugusa

Makambako, Julai. Upepo haujapiga hodi,
umeingia na viatu.
Ukungu umelalia uwanja wa mitambo
na juu yake, pasipoonekana, waya zinaguna:
kilovolti mia mbili na ishirini
zikipita kwenda Mbeya bila kutusalimu.

Zamani tulizipima kwa chungu.
Chungu kirefu cha kaure, tumbo limejaa mafuta,
na ndani ya mafuta, shaba iliyoviringwa
kama kilemba.
Kilikaa kimya miaka kumi na tisa,
kisha usiku mmoja kikasema yote kwa mara moja.
Vigae tuliviokota katika viazi vya mama Msigwa,
vingine tukaving'oa kwenye magome ya misonobari.
Kimoja ninacho mezani, kinazuia karatasi zisipeperuke.
Kingine kilipita na nusu ya sikio la Ambakisye,
wala hakikurudi kuomba radhi.

Leo pale pale pana kitu kisicho na tumbo.
Uzi wa kioo, mwembamba kama unywele wa mtoto,
umejizungusha kwenye waya mkuu mizunguko michache
kisha ukashuka, ukapita chini ya kokoto,
mpaka kabatini mwetu.
Tunapeleka mwanga, unarudi na habari.

"Habari gani?" Ambakisye aliniuliza,
akinigeuzia sikio lililo zima.
"Mwanga si mtu wa kupiga soga."

Nikamwambia: ukiwa sokoni, mtu akaita jina lako,
hata usiposimama, bega hugeuka kidogo.
Mkondo ukipita, sumaku yake inaita,
nao mwanga unageuka,
kiasi kile kile cha mwito.
Sisi tunapima bega.

Hakucheka. Miaka thelathini na mmoja
alifundishwa, akatufundisha,
kwamba kinachotoka juu kule hakishikwi:
kata kwanza, hakikisha pamekufa, unganisha na ardhi,
halafu bado usikiamini.

Nikafungua kabati. Nikamwonyesha uzi.
"Huu umetoka juu kule?"
Juu kule.
"Na juu kule kuna moto sasa hivi?"
Sikiliza.
Waya ziliguna ndani ya ukungu.

Akavua glavu. Moja tu, ya kushoto, ikaanguka.
Nikaona kidole kikienda, kikasita, kikarudi
kujipangusa kwenye ovaroli kama kinakwenda kula,
kikaenda tena.
Kioo hakipitishi umeme. Najua, nimesoma, nimefaulu mtihani.
Hata hivyo pumzi niliizuia.

"Hauna hata joto," alisema,
kama mtu aliyedhulumiwa.
Akabaki ameushika kwa vidole viwili.
"Ni ngapi sasa?"
Ampea mia tatu na nane.
Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro, jioni. Namba ikapanda:
mia tatu ishirini, mia tatu arobaini na moja.
Kule Uyole mashine za kusaga, Mwanjelwa saluni,
pasi, redio, jiko la mtu aliyechelewa,
taa ya mlangoni ya mtu nisiyemjua.

"Mbeya wamefika nyumbani," akasema.

Glavu ilikuwa bado sakafuni.
Upepo ulipenya chini ya mlango, ukaigusa,
ikageuka kidogo.