Stafeli

Shuleni Mtoni waliniita Stafeli.
Siyo kwa utamu.
Aliyenibatiza ni Chande wa dawati la nyuma,
na jina likanikaa kuliko lile la cheti.

Nimepaka liwa. Nimepaka dawa ya meno,
manjano, mate ya alfajiri kabla ya kunena neno,
sabuni ya mche iliyonichoma hadi kope.
Mamkubwa akaleta kopo lisilo na jina, la Kariakoo:
wiki mbili nikang'aa kama sahani ya harusi,
ya tatu mashavu yakaiva, yakavuja.
Mwishowe chunusi zilichoka zenyewe,
zikahama kama wapangaji, usiku, bila kuaga,
zikaacha matundu ya misumari ukutani.

Leo ghorofa ya tatu, Mikocheni.
Fedha za mchezo, zamu yangu imefika,
nimezihesabu mara mbili ndani ya lifti.
Daktari Kokugonza hapambi maneno:
"Ngozi yetu hii haisahau.
Ukiichoma kwa pupa, inakulipa weusi.
Basi polepole. Moto mdogo. Mara nne.
Na nisikudanganye: hayafutiki. Yanapungua kina."
Mwezi uliopita alijaribia nyuma ya sikio,
nukta chache tu, kama mtu anayeonja chumvi.

Dakika arobaini na tano za krimu ya ganzi.
Uso unaniaga kidogo kidogo,
midomo mizito, ya kuazima.
Miwani ya chuma. Giza.
Halafu tik, tik, tik,
cherehani isiyo na uzi,
na harufu. Ukwato? Nywele?
Harufu ya kichwa cha mbuzi wa Idi kinapobabuliwa.
Ni mimi huyo.

Shavu la kushoto lilipokwisha, umeme ukakatika.

Feni ikafa kwa kusitasita.
Huko chini mtu alitukana, taratibu, kama anayesali.
Tukakaa, mimi na nusu yangu,
daktari akinipepea kwa faili langu mwenyewe.
"Jenereta litawaka. Mlinzi anatafuta ufunguo."
Ndipo nikamwona baba, fundi lipu,
amesimama na tindo mbele ya ukuta mzima,
anautoboa toboa, tok, tok, tok,
nami, wa miaka sita, nalia: baba, unauharibu!
"Ukuta laini haushiki lipu, mama.
Uujeruhi kwanza."

Jenereta likakohoa.

Siku ya tatu uso ulikuwa msasa.
Siku ya tano ukaanza kupukutika mtoni mwa kitanda
kama ngozi ya karanga.
Nikaambiwa: jua usilione.
Jua la Dar! Lililoingia hadi uvunguni!
Nikatembea na mwavuli mchana mkavu wa Februari,
wauza machungwa wakanipigia makofi,
mmoja akaniuliza kama natarajia gharika.

Miezi mitano. Awamu mbili.
Kioo cha bafuni nakipita sasa bila kukisalimia.
Jumanne moja, Posta, mtu ng'ambo ya barabara
akaita, "Stafeli!"
Niligeuka kabla sijajikumbuka.
Chande. Anauza bima, ana kitambi.
Alinitazama kwa muda, akatafuta cha kusema,
akanipa kadi yake.

Baba haoni vizuri siku hizi, mtoto wa jicho.
Nilipokwenda Jumapili alinikalisha kwenye kigoda,
akapitisha mgongo wa kiganja shavuni
kama anavyokagua ukuta wa mwenzake,
juu kushuka, kisha kwa kukingama.
"Nani amepiga hii?"
"Mwanamke mmoja, Mikocheni."
"Ana mkono."
Kidole gumba kikateremka hadi chini ya taya,
kikasimama.
"Hapa ameacha."
"Najua, baba. Awamu ya tatu ni baada ya mfungo."
Akafuta mkono kwenye msuli, kwa mazoea,
ingawa haukuwa na saruji.
"Usiache kumwagilia," akasema.