Cha Uvunguni

Daktari Ushijima ameniandikia makatazo matatu:
usiiname, usijipinde, usibebe
kinachozidi uzito wa birika la chai.
Wiki sita, akasema, kisha tutaona.
Alisema kirahisi,
kama mtu anayevaa soksi bila kuzifikiria.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame.
Lakini nyumba yetu hapa Otaru yote ni uvungu:
tunalala sakafuni, tunakula sakafuni,
meza yenyewe hainifiki gotini,
na mama, mwaka wa tisa huu tangu afe,
anakaa kwenye kabati lake dogo la ubani
ambako kumsalimu ni kupiga magoti.

Miaka thelathini na moja nimechambua mwani kiwandani,
kichwa chini, mikono ndani ya maji ya chumvi.
Sikujua kwamba kuinama nako kuna akiba
na kwamba nilikuwa nikiitumia.

Basi kwa siku kumi nyumba inapanda.
Sufuria zinahama kabati la chini,
mchele unatoka guniani na kuingia mitungini,
kila mtungi mwepesi kuliko birika.
Sabuni, soksi, chaja ya simu, dawa za maumivu,
kila kitu kinatafuta kimo cha kiuno changu
kama mafuriko yanayoingia polepole, bila maji.

Kiyotaka hasemi. Anapima.
Amepigilia ubao wa kushikia pale pa kuvulia viatu,
amekiinua kiti cha choo,
amemwaga mchanga juu ya barafu ya ngazi, kila asubuhi,
ingawa siondoki mpaka Alhamisi.
Amenunua koleo refu la kuokotea vitu,
na kitu cha kwanza alichokiokota nalo
ni miwani yangu, usoni pangu.

Nimegandisha supu vikopo kumi na vinane.
Nimemwandikia karatasi, nimeibandika kwenye friji:
*Chumvi iko mbele yako, usiitafute.
Sweta ya kijivu usiioshe kwa maji moto.
Sayoko akipiga simu mwambie naendelea vizuri,
hata kama siendelei.*

Jana alileta kreti mbili tupu za bia,
akazifunika kwa kitambaa changu cha meza, kile kizuri,
akalipandisha kabati la mama juu yake.
Nikawasha ubani nikiwa nimesimama.
Mama akanitazama machoni kwa macho,
mara ya kwanza tangu msiba,
na sikujua niweke wapi mikono.

Kitanda cha kukodi kilifika jioni.
Vijana wawili, theluji mabegani,
wakaingiza chuma kile chumbani kama wanaingiza ng'ombe.
Nimefanya mazoezi: magoti pamoja, nabiringika kama gogo,
miguu inashuka, kiwiliwili kinapanda,
uso wangu unatazama ukuta nisioujua.
Tangu tuoane tumelala kimo kimoja.
Sasa nikigeuza shingo naona dari tu.

Chumba ni kidogo. Godoro lake jembamba
nusu iko kwenye mkeka, nusu imeingia chini ya kitanda.
Nimefunga uzi kwenye kidole chake cha mguu,
na kikengele cha paka wetu wa zamani,
ncha nyingine mkononi mwangu.
Tujaribu, nikasema.
Taa ikazimwa. Nikavuta.
Kengele ikalia. Yeye akakoroma.

Nikacheka hadi mgongo ukanichoma mpaka kisiginoni.
Usicheke: hilo daktari hakuliandika.

Saa nane usiku. Theluji inadondoka paani, puu, kisha kimya.
Kila kitu kimepanda ila yeye.
Cha uvunguni sasa ni mume wangu,
nami nimekatazwa kuinama.

Navuta uzi tena, taratibu,
si kwa kumuita.