Kisanduku cha Tatu

Ghorofa ya tatu, Sheffield. Saa kumi, na giza limeshatanda.
Glenys Oldroyd ananiuliza tena, kalamu mdomoni:
ni ya haki, au si ya haki?
Fomu ina visanduku viwili.

Kanuni yetu huwapa waombaji wa nyumba alama:
nani atalipa kodi, nani itamshinda.
Rangi ya mtu tuliifuta mwezi wa tatu.
Ikarudi na msimbo wa posta.
Tukafuta msimbo wa posta,
ikarudi na jina la shule,
na idadi ya wanaolala chumba kimoja,
na miezi minne isiyo na stakabadhi.
Ziba hapa, maji yatafute pengine.

Mashine haina chuki, nawaambia wakubwa.
Ilisoma tu daftari letu,
miaka ishirini ya mihuri yetu,
ikakariri.

Nikapima. Niliposawazisha makosa,
mlipaji mwema wa Burngreave asitiliwe shaka
kuliko mlipaji mwema wa Fulwood,
alama zikapoteza maana moja:
sita ya huku ikawa nne ya kule.
Nikairudisha maana ya alama,
na makosa yakatelemka yote,
yakajikusanya upande uleule wa kilima.

Shangazi Mwanaidi alihariri ukurasa wa mashairi gazetini.
Alihesabu mizani kwa vidole, nane kwa nane,
na kina cha kati kikikaa sawa, cha mwisho kikapinda,
alilifuta neno zima, akaanza upya.

Mimi neno langu ni Nasteho Jimale.
Watoto wanne, ukungu ukutani, alama thelathini na moja.
Alipiga simu Jumanne. Hakupiga kelele.
Aliniuliza kama namba ile aliipata kwa kufanya nini,
ili asikifanye tena.
Nilitazama safu zake mia mbili na sita.
Nikasema nitampigia.

Leo ni Ijumaa.

Nachukua rula, nachora kisanduku cha tatu,
pembeni yake naandika: *haki kwa kipimo kipi, na anayeumia ni nani?*
Glenys anasoma, anacheka kidogo, kisha hacheki.
"Unajua hii inapitishwa kwenye skana," ananiambia.
"Ikiona visanduku vitatu, inaitema."