Fulana Arobaini

Mzee Ndelilio alikuwa azikwe Jumamosi, Kibosho,
na shemeji yake akanijia Pasua na picha kwenye simu:
kofia, tabasamu la jino moja, mgomba nyuma.
Arobaini, akasema. Nyeupe. Maandishi ya zambarau.
Kisha akainama: "Risiti ya nini, dada? Huu ni msiba."

Nikaitazama mashine pale kaunta,
kidude cheusi chenye ulimi wa karatasi.
Fulana tupu nilizinunua jumla, Arusha,
na kodi yake; karatasi nimeibana kwa pini.
Ikikaribia tarehe ishirini naichomoa:
nilichotoza, toa nilicholipa,
kinachobaki si changu,
kama wali wa shughuli mkononi mwa mpakuaji.

Asilimia kumi na nane ya uso wa marehemu ni ipi?
Jino? Kofia?

Nikamwambia: kazi ya mikono ni yangu,
hapo nakupunguzia.
Ile nyingine sina ruhusa nayo.
Akanuna. Nikabonyeza. Ulimi ukatoka.

Jumatatu huyo, jasho tele:
Mama Aisia, mhasibu wa kamati ya msiba,
hataki hadithi, anataka karatasi,
na yake aliifungia karanga.
"Nitolee tena, dada yangu."

Nikamtolea nakala.
Ipige picha leo hii, nikamwambia,
maandishi ya risiti hufutika
kabla ya uso wa shemeji yako
kufuliwa mara ya tano.