Kanyaga, Shika

Naishi Kiti, na gari langu lilikosa kiti.
Majirani walikula mzaha huo miezi minne
mpaka Wekesa wa vyuma chakavu akaniletea kimoja,
cha trekta, chenye matundu ya kupitisha jasho:
"Kaa, mwalimu, uendeshe ujinga wako."

Chesisi ni ya Datsun iliyobeba maziwa kutoka Bahati
hadi ikavunjika mgongo.
Injini ni ya Korola iliyoungua nusu, ile nusu nyingine.
Bodi nimeigonga mwenyewe juu ya mfuko wa mchanga,
kwa nyundo ya mpira,
kutoka mapipa ya mafuta ya kupikia.
Ukiinama kwenye mlango wa kushoto, chini ya rangi
bado utasoma: WEKA MBALI NA JUA.

Kesho saa mbili tunatakiwa Solai,
kwenye kiwanja cha ndege cha shamba la mkonge
ambako hakuna ndege iliyotua tangu niwe darasa la pili.
Wamepanga marobota ya nyasi kwenye kona.
Wametuandikia: kila mmoja aje na helmeti, kizima-moto,
ndoano ya kuvutia, breki.
Breki wameiweka mwisho, kama chumvi.

Kemunto ametoka zamu, wodi ya wazazi,
hata viatu vyeupe hajavivua.
Sina mguu mwingine wa kuazima.
Nimelala chini ya gari juu ya gunia,
spana ya kumi mkononi,
na mpira wa dripu (kauleta yeye, usiulize)
umezama kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.

Kanyaga.
*Nimekanyaga.*
Shika.
*Nimeshika.*
Nafungua: povu, kahawia, hewa inakohoa ndani ya chupa.
Nafunga. Achia.
*Nimeachia.*

Nyuma kushoto. Nyuma kulia.
Tone linaingia kwenye mkono wa shati, linachoma.
Hatujazungumza mfululizo namna hii tangu Desemba,
siku aliyosikia bei ya tairi.
Hakupiga kelele. Alihesabu kwa vidole mbele yangu:
karo, paa, jino la mamake,
akabakiwa na kidole kimoja asichokitaja.

Kanyaga.
*Ndivyo ninavyowaambia wale wa leba*, anasema juu yangu.
*Sukuma. Ngoja. Usiachie kabla sijasema.
Wananitukana sana.*
Mimi sijakutukana.
*Mimi ndiye niliyekuwa nakutukana. Nimekanyaga. Endelea.*

Nyambane anatumulikia kwa simu, anasinzia,
mwanga unapanda ukutani, unarudi.
Nambari thelathini na moja ameipaka yeye,
kwa chokaa iliyobaki ya mawe ya shule;
tatu inatiririka machozi mpaka kwenye bawaba.

Mbele kulia, mara ya kumi na mbili, au ishirini,
sauti yake inabadilika:
*Weh. Imekataa kushuka. Imekuwa jiwe.*

Asubuhi, Bwana Kalsi mkaguzi
akashika gurudumu, akalitikisa kama anayeamsha mlevi.
Akavuta mkanda. Akanusa tangi.
Akaingiza mguu ndani, akakanyaga, akatulia hapo
muda wa kuchemsha chai.
"Hewa nani ametoa?"
Kemunto akainua mkono, kama mwanafunzi,
na chupa ya uji kwenye ule mwingine.

Nikanyoosha mkono kuchukua helmeti.
Alikuwa ameshaivaa.
"Mguu wangu ndio unaoijua hii breki," akasema,
sauti ikitokea ndani ya sufuria.
"Shika uji."

Akazima mara mbili langoni. Watu wakacheka.
Kisha likaondoka, pipa la mafuta na mke wangu ndani,
likikwaruza lami ya kale, mkonge ukikimbia pande zote mbili,
likawa dogo, likawa sauti tu,
na mbele ya robota la kwanza
taa za nyuma zikawaka, zote mbili, hata ile niliyoishuku.

Shika, nikasema, uji ukinimwagikia kiatuni.
Shika. Sasa achia.