Asilimia Mbili

Kila mwisho wa mwezi nafungua hati ya mshahara
na jicho linashuka lenyewe hadi kule chini:
makato ya chama, asilimia mbili.
Kilo na nusu ya sukari, nilikuwa nanung'unika.
Madaftari ya Mbeleje, na kalamu, na chenji.

Mimi ni wa mstari wa chupa, kiwanda cha mvinyo, Kizota.
Zabibu za Hombolo zikianza kushushwa
nyigu huja nazo, na zamu husahau kuisha.
Miaka sita nilibandika lebo nimesimama.
Jioni nilivua viatu kama anayemenya kiazi cha moto,
polepole, napuliza.
Mume wangu akidhani nina kiburi, simjibu.
Sikuwa na kiburi. Nilikuwa na miguu.

Ndahani alipoleta fomu za chama
tulizificha ndani ya khanga kama barua za hawara.
Nyendo alikataa kusaini:
"Nina watoto wanne. Chama kina wangapi?"
Hatukumcheka.

Sitasema mshahara ulipanda.
Ulipanda kwa kiasi cha mtu kuuliza kama umepanda.
Fulana ya Mei Mosi ilichuja rangi kwenye beseni la kwanza,
na katibu alihutubia mpaka jua likachoka kutuchoma.
Hayo nayo yaandikwe.

Lakini zipo stuli.
Ishirini na mbili, za mbao. Yangu ina mguu mfupi,
nimeutilia kizibo.
Zilibishaniwa miezi saba, nyanya zikapanda bei, zikashuka,
hadi zikaingia mkataba wa hali bora, kifungu cha kumi na nne:
*mfanyakazi wa mstari atakaa.*
Atakaa. Nimelisoma neno hilo kuliko Zaburi.

Juzi msimamizi alimfokea binti mgeni, kibarua wa msimu,
kwa chupa moja iliyomponyoka.
Aliyeinuka ni Nyendo, Nyendo yule yule asiye na kadi,
(stuli haziulizi kadi)
akasema bila haraka, "Subiri tumwite Ndahani."
Msimamizi akatazama saa, akatazama dari,
akainama, akaokota vipande mwenyewe.

Jana nilisonga ugali wa uwele nimesimama,
kwa hiari yangu, huku naimba vibaya.
Mume wangu akachungulia jikoni:
"Vipi, wamekupandisha?"
"Hapana," nikasema. "Wamenikalisha."