Maji ya Saa Nane

Mfereji wetu wa Kibokoni
hukohoa kwanza, ukatema kutu,
ndipo maji yaja.
Saa nane za usiku, Jumanne na Ijumaa,
nami hukugusa begani:
Msellem, yamekuja.

Mchana mie ni Mama Thureya.
Mama Thureya, karo.
Mama Thureya, gesi.
Mama Thureya, dawa ya bibi imekwisha.

Tangu mamako ahamie chumba cha mbele
nimekuona ukimkata kucha,
kidole kimoja kimoja,
ulimi umeutoa nje
kama mtoto ajifunzaye kuandika,
nikasimama mlangoni na sinia la uji
nikaona wivu.
Ndiyo, wivu,
wa kucha za mtu wa miaka themanini!
Ningemwambia nani?
Mimi ndiye nimwogeshaye.
Mimi ndiye aniitaye kwa jina la dadake aliyekufa,
nami huitika.

Pipa la buluu kwanza: lake, na shuka zake.
Kisha ndoo mbili, sare za shule.
Sufuria ya chai.
Dumu la Bi Nargisi wa ghorofani,
magoti yake hayashuki ngazi usiku.
Wa kupewa ni wengi, mpira ni mmoja,
na maji ya hapa hukatika bila kuaga.

Kungwi alinifunza udi,
akanifunza asumini na namna ya kukitandaza kitanda.
Hakunifunza kwamba mahaba nayo hupanga foleni,
yakangoja nyuma ya ndoo za watu,
miaka ishirini na mitatu,
wala yasiondoke.

Ijumaa iliyopita mpira uliniponyoka
ukakurowesha kikoi chote.
Ukacheka, kiganja mdomoni, nyumba isiamke.
Kisha ukasema: Bishara.
Hilo tu, jina langu,
ulilitamka polepole
kama aliyeokota ufunguo katika mfuko wa koti la zamani
na hajui bado ni wa mlango upi.

Mamako akakohoa.
Tukasimama kimya, maji yakimwagika miguuni.
Nenda wewe.
La, nenda wewe.
Ukaenda.
Nikasikia ukimgeuza ubavu, ukimsomea,
sauti yako ile ile ya pembeni mwa shingo yangu,
na usiku ule, sijui kwa nini, haikuniuma.

Uliporudi mfereji umeshakauka.
Nyuma ya mlango wa jiko
nilikuwa nimeficha jagi moja, limejaa pomoni.
Uliliona.
Hukuuliza la nani.